Fundi wa malori nataka kuhamia Tanga: bandari imeamka kweli au nitaenda kukaa kijiweni?

#1 Fundi Makambako
Habari wakuu. Mimi ni fundi wa malori hapa Makambako, pale magari ya Songea, Mbeya na Dar yanapokutana. Kazi zangu ni breki za upepo, klachi, springi na gia boksi, na umeme nafanya kidogo. Kazi ipo, ila gereji zimekuwa nyingi, kila kona kuna kijana na spana zake, na bei tunaviziana mpaka faida inaisha.

Mdogo wangu ameoa Muheza. Kila akipiga simu ananiambia Tanga ndiko kwa kwenda: bandari imechimbwa, bomba linakuja, malori yanaongezeka na mafundi wa magari makubwa bado hawajajaa. Nina mke anayeuza mitumba na watoto wawili, mkubwa yuko la tano. Sisi ni watu wa baridi, bahari tumeiona Dar tu.

Nihame na familia nzima, nitangulie mwenyewe, au nibaki? Naomba faida na hasara kutoka kwa watu wanaoishi pale.

#2 Kijana wa Duga
Njoo mkuu, umechelewa. Meli kubwa sasa zinafunga gatini kabisa, na bomba la gesi la Uganda linaishia Chongoleani hapa hapa. Anayesubiri atakuja kununua kiwanja kwa bei ya Dar.

#3 Mla Uono
Namba 2, usimpotoshe mgeni. Bomba la gesi ni la Mtwara kwenda Dar. Hili la Chongoleani ni la mafuta ghafi: kilomita 1,443 kutoka Hoima, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda ni mazito, yana nta, kwa hiyo bomba lenyewe linapashwa moto njia nzima yasigande.

Na wewe fundi, sikiliza hapa. Chongoleani ni matangi manne, kila moja la mapipa 500,000, na gati refu linaloingia baharini. Mafuta yanatoka kwenye tangi yanaingia melini. Hakuna lori hapo. Malori ya bomba ni ya wakati wa ujenzi, yale ya kubeba mabomba, kokoto na mitambo. Ujenzi ukiisha, yanaondoka na mkandarasi wake.

#4 Kuli Mstaafu
Nimefanya kazi bandari ya Tanga enzi za matishari, yale maboti bapa ya kubebea mzigo, kwa hiyo nazungumza nilichokishika kwa mikono. Meli ilikuwa inatia nanga nje huko, kama kilomita 1.7 kutoka gatini. Mzigo unateremshwa kwenye tishari, tagi, boti ya kuvutia, inalivuta, likifika gatini mzigo unapandishwa tena kwa winchi. Mfuko mmoja unashikwa mara mbili kabla haujaona lori. Mvua ikija katikati mnafunika turubai na kusubiri, huku dereva wa lori amelala chini ya trela lake na tandiboi anapika ugali kwenye jiko la mkaa pembeni ya tairi.

Leo lango la meli limechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, na gati la mita 450 limejengwa upya. Mradi mzima ni Sh bilioni 429.1, na uwezo wa bandari umepandishwa kutoka tani 750,000 kwa mwaka mpaka milioni 3. Anayesema ni maneno matupu aende akasimame Raskazone aangalie meli zinavyoingia.

Lakini nalisema na la pili, maana linaniuma. Zamani meli moja ilikuwa inaita makuli kundi kwa kundi, zamu ya mchana na ya usiku. Sasa mashine inafanya. Bandari imekua na watu walioitwa wamepungua.

#5 Mpita Chalinze
Mzee wetu hapo juu heshima yako. Ila uwezo wa tani milioni 3 haumaanishi tani zimekuja. Dar, gati namba 1 hadi 7 zimechimbwa mpaka mita 14.5. Mombasa nao wana gati za kina. Tanga imekaa katikati ya hao wawili, na mwenye meli ya kontena hapangi safari kwa kuangalia kina tu, anaangalia kama kuna mzigo wa kurudi nao. Lori la Tanga mara nyingi linabeba saruji, klinka ya kusagia saruji na mbolea. Kontena za Kongo na Zambia ziko Dar.

#6 Kijana wa Duga
Namba 5, wewe unaishi Tanga?

#7 Mpita Chalinze
Napita na lori kila wiki. Inatosha.

#8 Mtwara Kuchele
Nimesoma mpaka hapa nikaona nisikae kimya. Fundi, sisi Mtwara tulishaambiwa "njoo, umechelewa".

Ilikuwa miaka ya 2012 na 2013. Gesi imeonekana, wageni wanashuka uwanja wa ndege, nyumba za Shangani zinapangishwa kwa dola. Watu waliuza mikorosho wakajenga nyumba za wageni. Mjomba wangu alikopa benki akajenga vyumba vyenye viyoyozi. Halafu ikaja habari kwamba gesi inakwenda Dar kwa bomba, mji ukachafuka Januari na Mei 2013, na bomba likakamilika 2015. Wapangaji wa dola waliondoka mmoja mmoja. Vyumba vya mjomba vikawa vinafunguliwa siku za harusi tu, na benki haikujua habari za gesi, ilijua tarehe ya rejesho.

Kilichokuja kuleta malori Mtwara baadaye ni makaa ya mawe kutoka Ruvuma, mzigo ambao katika ile kelele ya gesi hakuna aliyeutaja. Na korosho kwa msimu wake. Mafundi walioshiba ni wale waliokaa njiani Masasi na Mangaka wakasubiri springi zikatike. Waliofukuzia gesi walirudi kwao.

Usihamie habari. Hamia mzigo unaouona ukipita.

#9 Mama Barabara ya 12
Karibu Tanga baba. Wanaume mmeanza na meli na matangi, mke na watoto hamjawagusa.

Mji wetu ni mtulivu. Ngamiani mitaa imepangwa kwa namba, barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, mtoto hapotei. Watu wazima wanaendesha baiskeli mpaka kazini, hutaona mtu anakushangaa. Maji yanatoka bombani, chanzo chetu ni mto Zigi, bwawa la Mabayani, na mamlaka ya maji ndiyo iliyouza hati fungani ya kijani mwaka 2024, ya Sh bilioni 53.12, ili kupanua mtandao. Kodi ya nyumba bado ya kibinadamu. Dada yangu yuko Mbezi, chumba na sebule chake kinalipa nyumba nzima ya hapa Mikanjuni.

Ila joto, baba. Kuanzia Desemba mpaka Machi, upepo wa kaskazi ukivuma, utaoga na kutoka jasho kabla hujavaa shati. Na biashara ya mkeo ibadilike mapema: masweta na makoti aliyozoea kuuza Makambako hapa yatalala kwenye belo. Aje na madera, magauni mepesi na mashuka. Aanzie minada ya vijijini kwanza, mjini wenye meza zao wamejipanga siku nyingi.

#10 Chapa Lapa
Mkuu #1, ukitangulia peke yako Tanga ujue umeshaoa mara ya pili. Nina rafiki alikwenda "kuangalia mazingira", mpaka leo anaangalia.

#11 Mama Barabara ya 12
Namba 10, huyo rafiki yako alilishwa vizuri akaamkiwa vizuri, akafananisha. Msitupakazie. Fundi, njoo na mkeo, ataishi na sisi vizuri.

#12 Nesi wa Wilaya
Naomba nilete jambo zito kidogo. Mkoa wenu wa Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini. Watoto waliokulia huko miili yao haina mazoea na vimelea. Wakishuka pwani, homa ya kwanza inaweza kuwa kali kuliko ya mtoto wa mwenyeji anayelala nyumba ya pili. Nimewaona watoto wa namna hiyo, wanaletwa wamechelewa kwa sababu mzazi anadhani ni uchovu wa safari au "hali ya hewa". Vyandarua siku ya kwanza, kabla ya makochi. Homa yoyote, kipimo siku hiyo hiyo.

#13 Fundi Makambako
Asante dada Nesi, hilo la malaria sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Na Mama Barabara ya 12, mke wangu amesoma, ameanza kuuliza bei ya madera.

Swali la kazi sasa: malori yanayotoka bandarini yanalala wapi? Fundi anakula pale gari linaposimama.

#14 Baharia wa Mvita
Salamu kutoka Mombasa. Swali lako #13 ndilo lenyewe, na jibu lake huku kwetu lilibadilishwa na amri moja.

Reli ya SGR ilipozinduliwa 2017, na treni za mizigo zikaanza mwaka uliofuata, kontena ziliamriwa ziende kwa reli moja kwa moja bandari kavu ya Nairobi. Bandari haikupungukiwa na kitu, meli zilikuja kama kawaida. Lakini Changamwe, Miritini, Mariakani, kote trela zilikokuwa zikipanga foleni, kulinyamaza. Mafundi, mama wauza chakula, wenye maduka ya spea na ofisi za mawakala wa forodha, wote walifunga au wakapunguza. Watu waliandamana mwaka 2019. Ilipofika Septemba 2022, Rais Ruto alipoingia, shughuli za kutoa mizigo zikarudishwa Mombasa, na kazi ikaanza kurudi, lakini wengine walikuwa washauza vifaa vyao.

Mji wa bandari unaweza kuwa na meli tele na gereji tupu. Uliza mpango wa reli ya Tanga kabla hujauza kitu Makambako.

#15 Mkonge Mweupe
Reli ya Tanga ilijengwa na Mwingereza na ikamfia Mwingereza. Msiitegemee.

#16 Mla Uono
Mjerumani. Alianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Mwingereza aliikuta. Na haijafa, treni za mizigo zinatembea mpaka Arusha. Abiria wa Dar–Arusha nao wanapita Korogwe bila kuingia Tanga mjini. Ile ya kisasa ya Tanga–Arusha–Musoma bado ni mpango.

#17 Mkonge Mweupe
Sawa, Mjerumani. Hoja yangu ni kwamba mji huu ulilala kwa sababu ya Azimio la Arusha. 1967 mashamba ya mkonge yalitaifishwa, wenye ujuzi wakaondoka. Miaka michache nyuma yake, mwaka 1964, nchi ilizalisha tani kama 230,000 na ikaongoza duniani. Bandari ya Tanga ilikuwa ya mkonge. Mkonge ukafa, bandari ikalala.

#18 Kuli Mstaafu
Kijana, kilichoua mkonge ni nailoni. Bei ya soko ilianza kuanguka kabla ya Azimio. Kamba za plastiki zilikuwa nyepesi na rahisi, wakulima wa Ulaya wakaacha kamba zetu za kufungia majani. Ungeacha mashamba kwa Mgiriki au kwa nani, bei ilikuwa inakwenda chini tu.

#19 Mzee wa Gofu
Wote mnaacha viwanda. Tanga ilikuwa na kiwanda cha mbolea tangu 1972, chuma, sabuni, mbao. Baba zetu walikuwa wanavaa ovaroli. Kiwanda cha mbolea kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na vingine vikafuata. Bandari ilikuwa inaleta malighafi za viwanda hivyo. Na TAZARA ilipokamilika 1975, mzigo wa Zambia na fedha zote za maendeleo zilielekea Dar. Mkonge ulikuwa sehemu tu ya habari.

#20 Kuli Mstaafu
Hapo Mzee wa Gofu nakukubalia nusu. Na kina cha maji je? Meli za dunia zilikua, maji yetu yalibaki mita tatu.

#21 Chapa Lapa
Fundi ameuliza gereji, nyie mmemrudisha 1964.

#22 Fundi Segera
Mimi niko Segera, na nina gereji ya malori. Nitasema hata kama naleta mshindani.

Malori ya Dar kwenda Moshi na Arusha yanapita Segera, hayaingii Tanga. Malori ya Tanga kwenda popote isipokuwa Kenya nayo yanapita Segera. Tanga mjini ni mwisho wa barabara, Segera ni njia panda. Wewe umetoka njia panda, unajua maana yake. Dereva akisikia breki zinavuta upande mmoja hatarudi kilomita sabini mjini kutafuta fundi.

Mjini penyewe, pa kuangalia ni Pongwe, kiwanda cha saruji cha Simba kiko pale. Malori yanapanga foleni ya kupakia, na lori la saruji linachakaa haraka: mzigo mzito, vumbi linaingia kila mahali, springi na bushi ndizo zinazokwisha kwanza. Kange ni stendi, kule ni mabasi, na mabasi yana mafundi wao.

#23 Dereva wa Transiti
Naongeza njia. Lori la Rwanda au Uganda likitoka Tanga leo linashuka Chalinze, linaingia Morogoro, Dodoma, Singida. Limeshazunguka, na tajiri anahesabu dizeli. Ndiyo maana mzigo wa huko bado unapenda Dar. Barabara ya Handeni, Kiberashi, Kibaya mpaka Singida, kilomita kama 460, ikiwekwa lami yote, hesabu zinageuka kabisa, na hapo Handeni itakuwa Makambako nyingine. Ile ya Pangani–Saadani–Bagamoyo nayo ikikamilika itachukua magari ya Dar–Horohoro–Mombasa, na Segera itapungukiwa. Samahani namba 22.

#24 Fundi Segera
Hilo la Pangani naliwaza kila siku, mkuu. Ila mizani bado iko huku, na malori ya Arusha hayawezi kupita baharini.

#25 Umeme wa Magari
Mimi ni fundi umeme, nilihama Singida kuja Tanga. Hakuna aliyetaja chumvi. Gari linalolala karibu na bahari linaliwa taratibu. Ukifungua kizibo cha waya wa taa za trela unakuta shaba imekuwa kijani, inapukutika kama unga. Earth ndiyo ugonjwa namba moja: taa zinawaka hafifu, dereva anabadilisha balbu, anabadilisha betri, kumbe pale waya unapofungwa kwenye chasisi kuna kutu tu. Unakwangua kwa msasa, unapaka grisi, unafunga upya, taa zinawaka. Kwa fundi ni kazi isiyoisha. Kwa vifaa vyako ni hasara, spana utakazoziacha kwenye simenti wiki moja utazikuta na rangi nyingine. Uje na sanduku linalofunga na tambara la oili.

Wewe unasema umeme unafanya kidogo. Huku ongeza hapo.

#26 Mla Uono
Kwa wapenzi wa bahari, msisahau silikanti. Ni samaki wa kale ambaye wataalamu waliamini alishatoweka na dinosauria. Wavuvi wetu wamekuwa wakimnasa tangu 2003 kwenye nyavu za kina. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake, kusini mwa mji, na ule mpango wa bandari mpya ya Mwambani ulileta ubishi kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akikwambia bandari haina hasara, mwambie aulize wavuvi maji yanakuwaje wakati wa kuchimba.

#27 Chapa Lapa
Huyo samaki analiwa?

#28 Mla Uono
Ana mafuta mengi, ladha mbaya, na sheria inamlinda. Kula uono.

#29 Nesi wa Wilaya
Na mtoto wa la tano, mkuu, usimhamishe katikati ya muhula wala akiwa anaelekea la saba. Tafuta shule kwanza, halafu nyumba ifuate shule.

#30 Fundi Makambako
Nimesoma yote. Nilivyokuwa nawaza ni bandari moja kwa moja, kumbe mnanirudisha barabarani. Mdogo wangu naye baada ya kumsomea #22 anasema Muheza ni katikati ya Segera na Tanga, eti nikae pale. Je, Muheza kuna kazi ya malori au ni mabasi na bodaboda tu? Na #8, mjomba wako alipona?

#31 Mtwara Kuchele
Alipona. Aliuza nusu ya jengo kwa mtu wa korosho, nusu iliyobaki ni bweni la wanafunzi. Viyoyozi aliving'oa.

#32 Kijana wa Duga
Bado nasema njoo mjini. Mnamtisha mtu kwa habari za Mtwara na Mombasa, Tanga ni Tanga. Mwenye gereji Pongwe leo hakumsubiri mtu amwambie reli inakuja lini.

#33 Baharia wa Mvita
Ndugu yangu, na mimi sikusema asije. Nasema asiuze.

#34 Kuli Mstaafu
Fundi, Muheza kazi ipo kwa msimu. Katikati ya mwaka machungwa yakikomaa, malori ya Kenya yanajaa mpaka pembeni ya barabara, na mengi yanatoka mashambani kwenye njia za udongo yakiwa yamezidisha mzigo. Hapo springi zinakatika kila siku. Machungwa yakiisha, kunakuwa kimya. Njoo mwezi wa saba peke yako na sanduku la spana, ukae kwa mdogo wako mpaka msimu uishe, halafu nenda Pongwe ukahesabu malori yanayosimama pale wakati machungwa hayapo.

#35 Mama Barabara ya 12
Peke yake tena? Namba 10 atafurahi. Mke aje naye, mwezi wa saba hakuna joto, na minada ya Muheza inanunua madera.

#36 Mkonge Mweupe
Mzee Kuli, hujanijibu: kama ni nailoni, mbona Brazili waliendelea kulima mkonge?